Mahari Iliyobadilika Kila Alasiri

Kuna wasichana wanaoposwa kwa ng'ombe, kuna wanaoposwa kwa mbuzi na majembe, na kuna wanaoposwa kwa ahadi tupu na soda baridi. Dada yangu aliposwa kwa hisa za kampuni ya simu. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, maana sisi tuliokuwa ndani ya ua ule wa Gudele, mtaa wa Juba, hatukupata nafasi hiyo. Au tuseme mimi niliipata, na kila nilipocheka nilitumwa maji.

Kosa halikuwa la dada wala la mchumba wake, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Wale wawili walikuwa wamemaliza mambo yao zamani. Dada ni mkunga, na mchumba wake ni fundi wa minara ya simu, mtu wa kupanda juu kabisa na mkanda kiunoni na kushuka akiwa na njaa. Kampuni yake ilimpa kazi mji wa Wau, mbali na Juba, aanze mara tu baada ya Pasaka. Hospitali ya huko ikakubali kumchukua dada pia, mradi afike wakati huohuo. Akichelewa, nafasi angepewa mwingine. Kwetu msichana haondoki nyumbani kumfuata mwanamume ambaye mahari yake haijapokelewa. Kwa hiyo ilikuwa rahisi tu: mahari ipokelewe kabla ya Pasaka, au shemeji aende Wau peke yake na dada abaki Gudele akikunja na kukunjua magauni yake.

Rahisi, nasema. Ngoja uwasikie wazee.

Baba yetu alishafariki, kwa hiyo msemaji wa upande wetu alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Baba mkubwa alikaa Uganda miaka mingi kama mkimbizi, na Kiswahili chake alikiokota sokoni na barabarani, akakileta Juba jinsi kilivyo, bila kukifuta vumbi. Msemaji wa upande wa pili alikuwa baba mzazi wa shemeji. Huyo alisomea Kenya, akafanya biashara Kampala, na anasema Kiswahili kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Lugha ya nyumbani kwao sisi hatuijui, na yetu hawaijui. Basi mazungumzo yakawa ya Kiswahili, na hasira zilipopanda, ya Kiarabu cha Juba.

Sehemu ya mahari iliyokuwa mbuzi na shuka za akina mama ililipwa bila kelele. Wakabaki ng'ombe. Mzee wa upande wa pili akaeleza, kwa heshima zote, kwamba ng'ombe wake wako mbali, barabara ina watu wenye bunduki na tamaa, na hata wakifika, Gudele wangefungwa wapi, kwenye nguzo ya umeme usiokuwepo? Pesa taslimu baba mkubwa alizikataa mwenyewe. Pauni yetu, alisema, ukiiweka chini ya godoro usiku, asubuhi unakuta imekonda.

Ndipo mzee yule akatoa wazo lake. Zamani, alipokuwa Kampala, alinunua hisa za kampuni ya simu. Hisa haziibwi barabarani. Hazina homa. Hazihitaji mchungaji. Tupige hesabu ya thamani ya ng'ombe, halafu thamani ile ailipe kwa hisa.

Baba mkubwa alikuna kidevu. "Hiyo hisa inakula nini?"

"Haili chochote, mheshimiwa."

"Inazaa?"

"Kila mwaka huleta gawio kidogo."

"Basi iko ng'ombe," akasema baba mkubwa, na watu wakapiga makofi.

Nami nilipiga. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari, bado nipo shuleni hata sasa, na nilifikiri kwamba kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu wazee wamefanya jambo la kisasa. Sikujua kwamba walikuwa wamemfunga dada yangu kwenye mkia wa mnyama asiyetulia.

Kwa maana walikubaliana hivi: thamani ya ng'ombe haibadiliki, lakini idadi ya hisa itahesabiwa kwa bei ya siku ya kukabidhiana. Fikiria unatumwa sukari na noti moja. Sukari ikipanda, unarudi na mfuko mdogo. Ikishuka, unarudi na mfuko mkubwa. Noti ni ileile. Sasa mfikirie mwenye duka na mwenye noti wanaoweza kuchagua siku. Mwenye duka, ndio upande wa pili, anataka siku sukari ni ghali. Mwenye noti, ndio sisi, anataka siku ni rahisi. Siku inayowafaa wote wawili haijaumbwa.

Mimi niliingizwa kwenye balaa hili kwa sababu ya bando. Simu yangu ndiyo iliyokuwa na intaneti mara kwa mara, na baba mkubwa hakutaka bei isomwe na upande wa pili. "Wao wanaweza kudanganya," akasema. Upande wa pili nao hawakutaka bei isomwe chumbani kwetu. Ikaamuliwa kwamba kila siku ya soko la hisa, alasiri, nikitoka shule, nisimame katikati ya rakuba, kile kibanda chetu cha kivuli cha kupokelea wageni, nisome bei ya kufungia, yaani ya mwisho ya siku, kwa sauti mbele ya pande zote. Nikiwa bado na sare. Na njaa.

Siku ya kwanza bei ilikuwa imepanda kidogo. Mzee wa upande wa pili akatabasamu, akatoa kwenye mkoba ile fomu ya kuhamisha hisa iliyotumwa na dalali wake wa Kampala na kuchapishwa kwa fundi wa kompyuta kule Atlabara. Kila kitu kilikuwa kimejazwa isipokuwa idadi.

"Tuandike leo," akasema. "Mbona tucheleweshe watoto?"

Baba mkubwa akashika kichwa. "Leo mimi iko na malaria."

"Pole sana. Ilianza lini?"

"Sasa hivi tu."

Kesho yake bei ikashuka. Baba mkubwa alifika mapema, amepona kabisa, viatu vinang'aa. "Lete karatasi! Tuandike!" Lakini mzee wa upande wa pili alipiga simu kusema kwamba amepata msiba wa jirani wa binamu, tumwie radhi. Siku iliyofuata bei ikarudi juu, na msiba ukaisha ghafla, na malaria ikarudi. Nilianza kuamini kwamba kampuni ile ya simu inaambukiza magonjwa.

"Mama," nikasema jikoni, "bei ikitulia wiki nzima watakufa wote wawili, maana hawatajua nani augue."

"Nenda ukateke maji," akasema mama.

Mama ndiye aliyeumia kimyakimya. Wageni wa mahari hawaondoki bila chai, na chai haiendi bila mandazi, na kila mara walipokuja kusikiliza bei walikunywa kana kwamba wametoka kuchimba kisima. Unga ulipanda bei bila mtu kuusomea katikati ya rakuba.

Kwa hasira nikaanza kuchora. Nyuma ya jiko tuna ukuta uliopakwa chokaa, na makaa hayakosi. Nilichora mstari: siku kulia, bei juu. Kila alasiri nilipotoka rakuba niliongeza nukta na kuiunga na ya jana. Kuanzia hapo kurudi nyuma, kwa zile bei za zamani zilizomo kwenye mtandao, nikachora na miezi iliyotangulia. Ukuta ukawa na kitu kama mgongo wa mamba aliyelala.

Nikaona jambo ambalo mtu yeyote mwenye macho angeliona. Siku nyingi mstari ule haukufanya kitu. Ulikaa pale pale, siku baada ya siku, kama mwanafunzi wa dawati la nyuma. Halafu, bila salamu, unaruka. Halafu unarudi. Na ukisoma maelezo madogo chini ya bei unakuta kwamba siku fulani hisa zilizouzwa ni kiganja tu. Yaani mtu mmoja Kampala alikosa karo ya mtoto, akauza hisa zake chache kwa haraka na kwa bei ya kutupa, bei ikashuka, na huku Gudele harusi ikaahirishwa. Mtu yule hata hajui kwamba sisi tupo! Hajui kwamba amempa mzee mmoja msiba wa uongo na mwingine afya njema.

Niliwaeleza. Nilisimama rakuba nikawaeleza kwa Kiswahili cha shule na mikono.

"Basi kwa nini leo imeshuka?" akauliza baba mkubwa.

"Bila sababu, baba mkubwa. Imetikisika tu."

"Hakuna kitu inatikisika bila mtu." Akawageukia wenzake. "Jana mvua ilinyesha sana. Watu hawapigi simu kwa mvua. Mnaona?"

Wakaona. Wote wakaona, isipokuwa mimi. Tangu siku ile kila wingu likitokea juu ya Gudele baba mkubwa alisugua viganja.

Lakini hilo la mvua lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa la saa. Juba tuko nyuma ya Kampala kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa nane, kwao saa tisa. Baba mkubwa alipogundua hilo, alimnyooshea kidole mzee wa upande wa pili.

"Sasa mimi iko naelewa. Wewe unajua bei mbele yetu!"

"Samahani?"

"Kampala wako mbele saa moja. Wewe uko na ndugu huko. Anakupigia, anakuambia bei, na sisi huku bado haijafika!"

"Mheshimiwa, bei inafungwa wakati mmoja kwa dunia nzima."

"Wakati mmoja namna gani, na saa ziko mbili?"

Mzee wa watu akaniangalia mimi, kwa macho ya kuomba msaada. Nikasema, "Baba mkubwa, ukimwona mtu wa Kampala na wa Juba wanatazama mpira uleule kwenye televisheni, goli likifungwa, yule wa Kampala anashangilia saa nzima kabla?"

Akafikiri. "Hiyo ni mpira," akasema. Na ikaandikwa kwenye vichwa vya wazee wetu wote kwamba upande wa pili una saa moja ya ziada ya kutudanganya.

Nikapendekeza wastani. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ametutesa nao muhula mzima, nikaona hatimaye una kazi duniani. Tuchukue bei za mwezi mzima, nikasema, tuzijumlishe, tugawanye, tupate bei ya katikati isiyo ya mtu. Siku moja ya juu na siku moja ya chini zinamezana. Kila mtu anapata haki.

"Huyo Wastani iko nani?" akauliza baba mkubwa.

"Si mtu, ni bei ya katikati."

"Kuna siku soko liliuza kwa hiyo bei?"

Nikatazama. "Hapana. Hiyo hasa haikutokea siku yoyote."

"Unaona? Unataka kuoza dada yako kwa bei ambayo haijazaliwa."

Na hapo, la ajabu, mzee wa upande wa pili alikubaliana naye. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walikubaliana tangu wafahamiane, na walikubaliana dhidi ya hesabu.

Dada alikuwa akisikiliza yote haya kutoka chumbani, maana anayeposwa haketi rakuba. Alikuwa na tabia moja iliyoniogopesha: alikuwa hakasiriki. Alirudi kutoka zahanati kwa boda, akafua sare zake, akauliza, "Leo ni nani mgonjwa?" nikamjibu, akasema, "Sawa." Shemeji alikuwa akimpigia, wakizungumza chini chini. Siku moja nilimsikia dada akisema, "Nenda tu. Usipoteze kazi kwa ajili yangu." Sikutania usiku ule. Na mimi kutotania ni kama jogoo kukosa alfajiri.

Kisha kampuni ikatoa gawio.

Lazima nilieleze hili vizuri kwa sababu ndilo lililotaka kutumaliza. Kampuni ikipata faida huwagawia wenye hisa kidogo. Inatajwa siku: atakayekuwa na hisa siku hii atapata. Siku ikishapita, anayenunua hisa hapati gawio lile, kwa hiyo hisa hushuka bei karibu kwa kiasi hichohicho. Haijaugua. Imetoa kilichokuwa ndani.

Bei iliposhuka hivyo, baba mkubwa alikuja akiimba. Hakuwahi kuiona iko chini namna ile. "Leo leo! Hata kwa mshumaa, leo tunaandika!"

Mzee wa upande wa pili safari hii alikuja mwenyewe. "Haiwezekani," akasema. "Hii si bei ya haki. Hisa zimetoka kutoa gawio tu."

"Bei si ni bei? Wewe siku ikipanda unasema bei ni bei."

"Hii ni tofauti."

"Tofauti wapi?"

Wakaanza kupandishana sauti, na Kiarabu kikaanza kuingia, na mimi, kwa wema wa moyo wangu, naapa ilikuwa kwa wema, nikataka kusaidia. Nikasema: "Baba mkubwa, ichukulie hivi. Ng'ombe alikuwa na mimba. Bei yake ilikuwa kubwa kwa sababu ya ile mimba. Sasa amezaa, tumbo limeshuka, na bei imeshuka. Ng'ombe ni yuleyule."

Wazee wote wakanigeukia. Nikajiona nimefaulu.

"Amezaa," akasema baba mkubwa polepole.

"Ndiyo."

"Na ndama yuko wapi?"

Ole wangu. Kwa desturi yetu ng'ombe akishatajwa kwenye mahari, hata kama bado yuko kwa mwenyewe, akizaa, ndama hufuata mama yake hadi kwa wazazi wa msichana. Hilo linajulikana na kila mtu, nami nilikuwa nalijua kama jina langu. Na gawio lilikuwa tayari limeingia benki ya mzee wa upande wa pili.

"Ya akhi," yaani ndugu yangu, baba mkubwa akamwambia mzee wa watu akisimama, "umekamua ng'ombe wetu, umeficha ndama, halafu unasema bei si ya haki?"

"Hisa si ng'ombe!"

"Wewe mwenyewe ulisema iko ng'ombe!"

"Wewe ndiye uliyesema!"

Mzee wa upande wa pili akasimama, akaweka kikombe chini. Kikombe kilikuwa kimejaa. Kwetu mtu anaweza kukutukania mahari yako, akakutukania ukoo wako, na kesho mkaendelea. Lakini akiacha chai iliyojaa kwenye rakuba yako, ameondoka kweli. Akachukua mkoba wake na fomu yake ndani yake, akatoka getini bila kuaga wanawake.

Dada alitoka chumbani, akasimama mlangoni, akanitazama. Akarudi ndani. Angenipiga ningefurahi.

Siku kadhaa hakuna aliyekuja. Sikuombwa kusoma bei. Jumapili ya Matawi ikafika, watu wakapita na makuti yao kwenda kanisani, na shemeji akaanza kuuza kitanda chake, maana hawezi kukibeba hadi Wau. Niliendelea kuchora ukutani, si kwa faida ya mtu, ila mkono ulishazoea, na kwa sababu kukaa jikoni kulikuwa afadhali kuliko kukaa chumbani na dada ambaye haongei nami.

Jumatatu iliyofuata dada alikuja nyuma ya jiko kuchukua sufuria. Akasimama mbele ya ukuta. Alikuwa hajawahi kuutazama vizuri.

"Hapa mbona kuna mapengo?" Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu siku ya ndama.

"Jumamosi na Jumapili. Soko limefungwa."

"Na bei inakuwaje?"

"Haiwi. Inabaki ile ya Ijumaa hadi Jumatatu."

"Na hapa? Hili pengo ni refu."

"Pasaka ya mwaka jana. Wanafunga kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Bei inalala tu."

Aliweka sufuria chini. "Kwa hiyo Jumamosi hii, mtu akisema tungoje kesho bei ibadilike..."

"Kesho haibadiliki."

"Na keshokutwa?"

"Haibadiliki."

"Na Jumanne shemeji yako anapanda ndege," akasema dada. Akaokota sufuria, akaingia kwa mama.

Sikusikia walichoongea, lakini nilimwona mama akitoka na kitambaa kichwani kimefungwa kwa nguvu, mkoba kwapani, akielekea nyumbani kwa baba mkubwa kwa miguu, katika jua lile. Kesho yake akaenda New Site kwa akina shemeji, akaketi na mke wa yule mzee. Aliporudi alikuwa amechoka na vumbi limempanda hadi magotini.

"Nimewaambia wote neno moja," akasema. "Chai ya bei imekwisha. Kuna chai ya Jumamosi Kuu peke yake. Asiyekuja, mimi binafsi namsindikiza mwanangu uwanja wa ndege bila mahari, na waniite watakavyoniita."

"Na ndama?" nikauliza.

"Lile gawio linanunua dume la ng'ombe. Linachinjwa hapa, wanakula wote. Ndama aliyeliwa na pande mbili hana mwenyewe."

Nilitaka kumuuliza kama wamekubali. Uso wake ulinishauri niteke maji.

Jumamosi Kuu walikuja, baba mkubwa wa kwanza, kisha mzee wa upande wa pili akiwa na mkoba. Walisalimiana kwa mikono mifupi. Dume lilikuwa limeshachinjwa alfajiri, na harufu ya maini ya kukaanga iliwafanya wazee wengine kuwa watu wa amani. Niliitwa katikati ya rakuba. Nikasoma bei ya Alhamisi.

Ilikuwa bei ya katikati tu. Si ya juu, si ya chini. Baba mkubwa akashika kichwa.

"Mimi naona tungoje kesho," akasema.

"Kesho ni Pasaka, baba mkubwa. Soko limefungwa. Bei ni hiihii."

"Basi Jumatatu."

"Imefungwa. Ni hiihii."

Mzee wa upande wa pili naye alikuwa akinitazama, na nikajua naye alikuwa na msiba ulioandaliwa mahali fulani. "Hata Kampala imelala?" akauliza. "Una hakika?"

"Hata Kampala."

"Na ile saa moja yao?" akauliza baba mkubwa.

"Imelala pamoja nao."

Wakaangaliana. Ilikuwa kama watu wawili waliokuwa wakivutana kamba kwa muda mrefu, na mtu akaifunga kamba kwenye mti. Hakukuwa na kesho ya kukimbilia. Kesho zote zilikuwa na bei moja. Kweli, ukifikiri sana, bei ile ilikuwa ya Alhamisi kama bei nyingine yoyote, na Jumanne ingeweza kuruka popote. Pasaka haikuifanya iwe ya haki zaidi. Mimi nililijua hilo. Kwa mara moja katika maisha yangu nilikaa kimya nikiwa na jambo la kusema.

"Hakuna anayepata, hakuna anayepoteza," akasema mzee wa upande wa pili.

"Iko sawa," akasema baba mkubwa. "Bei ikiwa imelala, hata mwizi haiibi."

Fomu ikatolewa. Idadi ikahesabiwa na shemeji, aliyekuja na baba yake, ikakaguliwa na mimi, ikakaguliwa tena na mzee mwingine wa upande wao, ikaandikwa. Mzee wa upande wa pili akatia sahihi, baba mkubwa akatia dole gumba ingawa anajua kuandika, kwa sababu, alisema, kwa jambo zito kidole ni cha kuaminika zaidi. Mlango wa chumba ukafunguka. Akina mama wakapiga vigelegele hivi kwamba kuku wa jirani walipanda juu ya paa. Dada alipita mbele yangu akiwa na gauni la kitenge, akanifinya sikio, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, nikajua nimesamehewa.

Mzee wa upande wa pili alikunywa chai yote, akageuza kikombe tuone kimekwisha.

Jumanne tuliwasindikiza uwanja wa ndege. Dada alilia, mama hakulia hadi tulipofika nyumbani. Mimi nilibeba mabegi na kusema vichekesho ambavyo hakuna aliyevisikia. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla, hata rakuba ilionekana imepanuka.

Alasiri ile, nilipovua tu viatu, nikasikia geti. Baba mkubwa. Viatu vinang'aa.

"Ya bit," akasema, yaani msichana wee, "soma bei."

"Ya nini tena? Si mmeshapokea?"

"Si sasa ndiyo iko yangu? Mtu hatazami ng'ombe wake?"

Nikasoma. Ilikuwa imepanda kidogo. Akaruka, akapiga paja. "Tumewapata! Tumewapata!" Kesho yake ikashuka, akaja akisema tumetapeliwa, na kwamba lazima mzee yule alijua. Siku ya tatu haikutikisika kabisa, naye akakasirika kuliko siku zote mbili, kwa maana hakuwa na wa kumlaumu. Nikajaribu kumfundisha asome mwenyewe kwenye simu yake. Akasema macho yake si ya kusomea vitu vinavyoruka.

Wiki ile ilipokuwa inaisha, alikuwa amesimama rakuba ananingoja nitafute mtandao, simu ikalia mkononi mwangu. Dada. Nikapokea, baba mkubwa akaanza kunionyesha kwa vidole kwamba kwanza bei, kwanza bei, nikamgeuzia mgongo.

Dada alisema wamepewa chumba chenye dirisha moja. Alisema zamu yake ya kwanza alizalisha mapacha na mama yao ni mcheshi kunishinda. Alisema dirisha linatazama mnara, na kwamba wakati ule ule tunaongea alikuwa akiona buti za mumewe juu kabisa, ndogo kama punje mbili za kahawa.

"Yuko wapi?" akauliza baba mkubwa nyuma yangu. "Bwana yake yuko wapi?"

"Juu ya mnara, baba mkubwa. Dada anamwona."

Akasogea karibu, akainamia simu, akapaza sauti ili ifike Wau hata bila mtandao:

"Muulize, kutoka huko juu anaona Kampala?"